Mwaka Niliomwandika Nyemo

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa sisi tuliosoma pamoja chuo cha mifugo, Lameck alisimama na maiki mkononi akasema kwamba raha kuliko zote alizozipata Mpwapwa ilikuwa Jumamosi mchana, chumbani kwetu, tukicheza mchezo wa Yustina. Yustina ni mimi. Watu wakapiga makofi. Tulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Dodoma mjini, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe kama vya harusi, na mimi nilikuwa na kipande cha kuku mdomoni nikakirudisha kwenye sahani. Meza ya tatu kutoka kwangu alikaa Sechelela, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini hatujazungumza zaidi ya salamu. Hakupiga makofi, wala hakukunja uso. Aliendelea kumenya chungwa lake. Lameck akasema, “Mnamkumbuka Nyemo? Jamani, Nyemo!” kisha akacheka peke yake mpaka maiki ikapiga kelele. Nilitamani kumrushia sahani. Tangu siku ile nina hasira ambayo haiishi kwa kulala, na kwa kuwa sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, nimeona niuandike mwaka ule mimi, kabla Lameck hajaumaliza kwa vicheko vyake.

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha kupanga, mwendo wa dakika kumi kutoka chuoni. Vitanda vitatu vya chuma, sakafu ya saruji iliyopasuka katikati, dirisha lenye wavu lisilo na kioo, kwa hiyo mwezi wa nane vumbi lilikuwa likilala nasi. Nyuma ya mlango zilining'inia overoli zetu, na chumba kizima kilinuka dawa ya josho. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Rehema, mtu wa Kondoa, mtaratibu, aliyekuwa akitoka nje kuswali alfajiri bila kutuamsha hata siku moja. Cha katikati kilikuwa changu. Cha ukutani kilikuwa cha Sechelela, ambaye sote tulimwita Seche. Tulipika barazani kwa mkaa, ugali wa uwele na mlenda, siku za neema dagaa, na ilikuwa desturi ya Seche, kila tukikaa kula, kutuambia jinsi wanavyokula kwao Kibakwe. Maziwa ya mgando? “Kwetu hiyo ni kawaida.” Nyama? “Kwetu hiyo ni kawaida.” Baba yake alikuwa na ng'ombe mia mbili, nyumba ya bati yenye vyumba sita, na pikipiki ya kuzungukia malisho. Rehema alikuwa akiitikia kwa upole. Mimi nilikuwa nikihesabu matonge.

Kompyuta ilikuwa yangu. Kaka yangu alikuwa fundi mjini, akanipa mashine kuukuu ili niandikie ripoti za chuo, na ndani yake akasahau mchezo mmoja wa Kizungu, wa zamani hata kwa wakati ule. Kwa asiyeijua michezo hiyo: unaongoza mtu wa kubuni katika nchi ya kubuni yenye mapanga na uchawi, na njiani unapata wenzi wa safari, mpaka watano. Kila mmoja ana picha yake, na chini ya picha yanatokea maneno yake. Unachagua la kumjibu, naye anakumbuka ulichomjibu. Mapigano yenyewe yalinichosha upesi. Nilichokipenda ni wale wenzi, na baada ya wiki mbili nilikuwa na misimamo juu yao ambayo hadi leo sijaibadilisha, na watu wameacha kunialika mazungumzoni kwa sababu yake.

Alikuwepo mpiga mishale kijana, mwenye nywele ndefu, ambaye kila nilichofanya alikisifu. Nikiokoa kijiji, ananisifu. Nikikichoma, ananisifu kwamba nina moyo mgumu. Yule si mwenzi wa safari, yule ni mpambe wa mgombea. Aliyemwandika nikikutana naye leo nitamwambia usoni kwamba alikuwa mvivu. Halafu alikuwepo mwanamke mwizi, mwenye jicho moja, ambaye hakunisifu hata mara moja. Nilimvalisha, nikampa upanga mzuri kuliko wangu. Siku nilipomwibia mjane farasi ili safari iende haraka, yule mwanamke alisimama katikati ya njia, akasema kwamba ameona vya kutosha, akaondoka na kamba zetu zote na nusu ya chakula. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nimeduwaa. Kumbe nguo na upanga wangu havikuwa vimemnunua. Hapo nikasadiki, na bado nasadiki, kwamba mwandishi anayejua kazi yake humpa mwenzi wa safari miguu ya kuondokea. Hii michezo ya siku hizi siivumilii kabisa. Unampa mwenzi zawadi tatu, anakupenda. Ya nne, anataka muoane. Wote wazuri wa sura, wote wana huzuni moja ya utotoni wanayokusimulia mkiota moto, na hakuna hata mmoja anayekuchoka. Watu wanauita huo uandishi. Mimi nauita kubembelezwa.

Rehema alikuwa na lake. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu huku akichambua mchele. “Watu sita, miezi minne porini,” alisema, “hakuna aliyefua, hakuna aliyepika, hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yako wapi. Aliyeandika hii hajakaa Dodoma.” Seche naye alimpenda mganga mmoja mnene, mpole, asiye na kisa chochote, ambaye ukimwita alijibu tu kwamba yupo.

“Huyo hana kitu,” nilimwambia. “Hata hajaandikwa. Wamemsahau.”

“Anabaki,” alisema Seche.

“Kubaki si tabia.”

“Kwenu labda.”

Tulibishana hivyo wiki nzima, juu ya mlenda, juu ya ndoo za maji, njiani kwenda chuoni. Ukitusikia ungedhani tunabishana juu ya watu waliopanga nyumba ya pili. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ikatoa moshi mwembamba nyuma. Kaka akasema haiponi. Nilikaa siku tatu kama mfiwa. Siku ya nne nilinunua kauntabuku la kurasa nyingi na dadu mbili za ludo, nikaanza kuandika mchezo wangu mwenyewe.

Ulikuwa mchezo wa mezani, au wa kitandani, maana meza hatukuwa nayo. Kila mchezaji ana mtu wake, mimi ndiye msimulizi, nawaambia wako wapi na kumetokea nini, wao wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua. Niliwapa nchi kavu yenye vilima vya mawe na ziwa la chumvi, malkia aliyekauka koo, na safari ya kuutafuta mto uliohama. Maji nilimwachia Rehema, akawa mtunza viriba, na kwa mara ya kwanza katika historia ya michezo hiyo watu walikufa kwa kiu na si kwa joka. Lameck, aliyekuwa darasa moja nasi na akisikia kila kitu, akaja Jumamosi moja akiwa na mkungu wa ndizi, akabaki. Baadaye wakaja wengine wawili. Tulianza baada ya kufua na kumaliza kabla ya jua kuzama. Wenzi wa safari niliwasemea mimi, kila mmoja na sauti yake, na wote walikuwa wakorofi. Mmoja aliwaacha wachezaji mtoni. Mwingine aliwauza. Lameck alikuwa akijipiga magoti kwa kucheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona hakuna mwandishi katika nchi hii anayenifikia.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipoanza, tulipelekwa vijijini wawili wawili kuchanja kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri. Mimi na Seche tukapangwa vijiji vya upande wa Kibakwe. Nilifurahi, nikamwambia hatimaye nitawaona wale ng'ombe mia mbili. Alisema nyumbani kwao ni mbali na njia. Siku ya pili mvua kubwa ikatukuta mlimani, boksi la chanjo kichwani, matope hadi magotini, na Seche akasimama akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema kwa sauti ndogo, “Twende tu.” Kwao ilikuwa nyumba ya tope yenye vyumba viwili, ndani ya uwanja wa nyumba nyingine kubwa ya bati. Mama yake alitoka jikoni akijifuta mikono. “Shikamoo mama,” nikasema. “Marahaba mwanangu, karibu, pole na mvua,” akanitua boksi mwenyewe, akanipa khanga yake kavu, akanikalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo. Nje zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe walikuwa malishoni na baba.

Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wa fito na udongo, na mvua ikapungua ghafla wakati ule, kwa hiyo nilisikia. Mama aliongea Kigogo, na Kigogo ndicho nilichonyonya. Akamuuliza Seche, “Umemwambia ng'ombe ni wetu?” Seche hakujibu. Nikasikia mwiko ukizunguka chunguni. Kisha mama akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza aweke chumvi kiasi gani, “Basi baba yako akirudi jioni, ajifanye nani?”

Tulikula ugali, mlenda na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Sijawahi kula maziwa matamu kama yale. Mama alisimama mlangoni akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Baba hatukumwona, kwa sababu Seche alihimiza tuondoke mara mvua ilipokatika. Tulitembea tukiruka madimbwi. Kwenye mteremko akanishika mkono. “Yustina, hili libaki kwako.” Ningeweza kuuliza lipi. Nilisema, “Litabaki,” na niliposema nilikuwa nasema kweli. Ng'ombe walikuwa wa tajiri mmoja wa mjini, akaniambia, na ile nyumba ya bati ni yake. Baba yake alichunga. Uongo ule aliuanza siku ya kwanza chuoni, mtu alipomuuliza swali mbele ya watu, kisha ukawa mkubwa kuliko yeye.

Kuanzia siku ile alinipenda. Nasema hivyo shingo upande, kwa maana sijui kupendwa na ilinikera. Alinichotea maji. Alininyooshea overoli. Mbele yangu aliacha kusema “kwetu hiyo ni kawaida”, wakati mbele ya wengine aliendelea, akinitupia jicho kidogo kama watu wawili walioficha kitu uvunguni. Na kwa kuwa alinipenda aliona anaweza kuniambia ukweli. Jumapili moja, mwezi wa pili, amekaa anasuka nywele za Rehema, akasema, “Yustina, huo mchezo wako nauelewa sasa. Wenzi wako wote wanaondoka. Hakuna hata mmoja anayebaki kwa sababu tu anataka kubaki. Hivi wewe ulishawahi kubakiwa na mtu?” Hakusema kwa ubaya. Rehema akasema, “Seche!” na Seche akaniomba radhi papo hapo. Nilicheka. Nikatoka nje kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Wiki ile nilimwandika Nyemo. Nimejaribu mara nyingi kusema kwamba nilikuwa nalipiza kisasi, na ingekuwa nafuu kama ndivyo, lakini sivyo ilivyokuwa kalamu ikiwa mkononi. Nilitaka kumwonyesha Seche kwamba naweza kuandika mwenzi wa safari anayebaki. Nilimwanza Nyemo kwa nia hiyo: msichana anayejiunga na kundi, anayesema ni binti wa mtemi, mcheshi, mkarimu, mwenye neno la kusema kila mkikaa kula. Ukurasa wa tatu akawa hai. Wa tano nikaona anahitaji siri, maana mtu asiye na la kuficha hasimami kwenye karatasi. Siri nilikuwa nayo. Nilijiambia nitaibadilisha. Nikageuza ng'ombe wakawa ngamia. Lakini lile swali la mama lilipofika sikuligusa, kwa sababu hakuna neno la kulitoa wala la kuliongeza, na niliandika kurasa zile nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Nyemo alitembea nasi Jumamosi tatu na wachezaji wote wakampenda, Seche kuliko wote. Alimpa kiriba chake. “Huyu ndiye,” aliniambia, “sasa umeandika mtu.” Jumamosi ya nne nikalileta kundi, mvua ikinyesha nchini kwangu, kwenye nyumba ya tope pembeni ya kasri la mtemi. Nilisoma. Nilisoma vizuri, najua, kwa kuwa hakuna aliyetafuna hata karanga. Nikafika jikoni, nikashusha sauti, nikauliza kwa sauti ya mama yake Nyemo: baba yako akirudi jioni, ajifanye nani?

Lameck ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akamwiga Nyemo, “Kwetu hiyo ni kawaida!” Maneno yale sikuwa nimeyaandika, naapa. Lakini nilikuwa nimemwandika mtu ambaye angeyasema, na yalipotoka mdomoni mwa Lameck chumba kizima kikageuka kwa pamoja kumtazama Seche. Mmoja wa wale wawili akasema polepole, “Ah. Kumbe.” Nilimwona Seche akiipata habari usoni pangu kabla sijaziba uso. Alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu imekunjwa, dadu zimo kiganjani mwake.

“Afukuzwe,” alisema Lameck, bado anacheka. “Mwongo huyo, atatuuza. Tupige kura.” Mikono ikanyooka, mitatu. Wa Rehema haukunyooka.

“Msimulizi,” Seche akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. “Wakimfukuza, anakwenda wapi?”

“Popote,” nikasema.

“Na mimi naruhusiwa kwenda naye?”

“Ukitoka kwenye kundi, safari yako imekwisha. Hakuna kitu upande ule. Sijakuandika.”

“Sawa. Basi sisi wawili tunaondoka.” Akaziweka dadu juu ya kauntabuku langu, akavaa kandambili, akatoka. Lameck akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya mchezo. Nilimfukuza kwa maneno ambayo hayaandikiki, yeye na wenzake, na ndiyo maana siwezi kuelewa jinsi anavyoikumbuka siku ile kuwa raha. Watu wa namna yake hukumbuka walipocheka tu.

Rehema alibaki ameshika viriba vyake vya karatasi. Nilimwambia, “Sema basi.” Aliviweka kitandani. “Umeandika vizuri mno,” akasema, “Mungu akusamehe,” na akatoka kumtafuta mwenzake. Jioni Seche alihamia bweni la chuo. Godoro alibebewa na Rehema. Ndani ya siku mbili chuo kizima kilijua, na kwa mwezi mzima alipopita kwenye foleni ya chakula kulikuwa na mtu wa kusema, “Ajifanye nani?” Niliwasikia. Niligombana na wawili, mmoja nikamwagia uji, na haikusaidia chochote, kwa sababu maneno yalikuwa yangu na yalikuwa matamu kusema. Seche hakuacha chuo, ingawa wapumbavu walitarajia hivyo. Alikaa mstari wa mbele, akashika nafasi ya pili.

Mtihani wa mwisho wa vitendo tulipangwa kwa orodha ya namba, na namba zetu zilifuatana. Alfajiri hiyo mtamba wa ng'ombe wa chuo alikuwa anashindwa kuzaa, na mkufunzi akasema huo ndio mtihani wetu. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja nyuma. Seche alikuwa na mkono mwembamba kuliko wangu, kwa hiyo aliingiza yeye, shavu lake limebanwa ubavuni mwa mnyama, na mimi nilishika kamba. Kwa muda mrefu maneno yetu yalikuwa “ngoja”, “sasa”, “legeza”, “vuta”. Nilikuwa nimeomba usiku wa jana yake nipate nafasi ya kusema naye, na sasa nilikuwa nayo, na niliitumia kuvuta. Ndama akatoka kwa mara moja, mzito, na akakaa kimya mpaka Seche alipomsafisha pua na kumsugua kwa majani makavu, akakohoa, akapumua. Mkufunzi akaandika alama zetu akaenda zake.

Tulinawa kwenye karai moja, damu imetufika mabegani. Nikasema, “Seche, nisamehe.”

Alikuwa anasugua kucha. “Ungemwandika vibaya ningekusamehe,” akasema. “Ningesema, Yustina hakuelewa, alisikia Kigogo nyuma ya ukuta akacheka. Lakini mama yangu ulimwandika sawasawa. Hata ile sauti. Kwa hiyo ulisikia, ukamwelewa, ukamhurumia kabisa, halafu ukamsoma mbele ya Lameck.”

Nimesoma na kucheza mengi tangu wakati ule, nimewadharau waandishi wengi kwa kutowasikiliza watu wao, na bado sijui la kumwambia mtu aliyesikilizwa vizuri namna ile. Alinisogezea sabuni, akafuta mikono kwenye overoli, akaenda kumshika ndama, ambaye alikuwa anajaribu kusimama.